Theluji ya Chumvi: Harusi za Pwani Mbele ya Kamera

Mtoto wa Kigombe hulitamka neno theluji miaka mingi kabla hajaiona hata kwenye picha. Hulitamka kwa Kiarabu, amekaa mkekani chuoni, akifundishwa ile dua ya kufungulia sala ambayo ndani yake mja humwomba Mola amwoshe makosa yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Maalim akiulizwa theluji ni kitu gani, hujibu kwamba ni baridi nyeupe inayoshuka kutoka mawinguni katika nchi za mbali, na somo huendelea. Nje jua la saa nane limeukalia mchanga, maji yamekupwa, ngalawa zimelala ubavu. Basi kwa mtu wa pwani theluji ilikuwa usafi kabla ya kuwa urembo, na nadhani ndiyo maana siku ilipokuja kusimama nyuma ya bibi harusi haikuonekana ngeni kabisa.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi wilayani Muheza, kusini mwa mji wa Tanga, kwenye barabara iendayo Pangani. Wataalamu wa bahari wanakijua kwa silikanti, samaki wa kale ambaye nyavu za wavuvi wa Tanga zilianza kumtoa vilindini miaka ya mwanzo ya 2000, hata mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Mimi nakijua kwa weupe wake. Kuna mchanga, kuna povu la kusi, na kuna mkonge. Singa zikishatoka korona, mashine ya kuchambulia mkonge, hutundikwa kwenye nyaya kukauka, safu baada ya safu, na asubuhi mapema uwanja mzima wa kuanikia huwa kama konde lililofunikwa kwa usiku mmoja na kitu kilichoshuka kutoka juu. Mmea huo Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na tangu hapo watu wa pwani hii wameishi ubavuni mwa weupe wasioupiga picha.

Hapo Kigombe ndipo shangazi yangu aliponionyesha, kwenye simu yake, picha ya harusi ya binti yake iliyopigwa Sweden mwezi Januari. Bibi harusi amevaa shela jeupe na ushungi, mabegani ametupiwa koti la sufu, mume kasimama kando yake kwa kanzu na koti refu jeusi, na nyuma yao misonobari imeinama kwa uzito wa theluji. Wamependeza. Niliondoka pale nikiwa na swali ambalo limenichukua miaka: theluji ilipitia njia gani hadi ikawa mahali pa mapenzi, hata kwa watu ambao baridi yao kali kuliko zote ni upepo wa kipupwe wa mwezi wa saba?

Njia ya kwanza ilipitia kwetu wenyewe. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa ametokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Alimuuliza kiongozi wake ule weupe ni nini. Yule akamjibu kwa neno moja ambalo Rebmann aliliandika kama alivyolisikia: beredi. Baridi tu. Watu wa misafara ya pwani walikuwa na habari za zamani kwamba kileleni kuna fedha, na kwamba waliopanda kuichota walirudi mikono mitupu. London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, akaendelea kukataa kwa miaka mingi, ilhali hajawahi kukanyaga Afrika Mashariki. Napenda jibu la yule kiongozi kuliko ubishi wote wa London. Alikitaja kitu kwa jinsi ngozi inavyokipokea.

Tanga ikaja kuwa mlango wa kuiendea baridi hiyo. Reli iliyoanza kujengwa bandarini mwaka 1893 ilifika Korogwe, ikafika Mombo, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Tangu hapo mtu wa Tanga aliweza kupanda garimoshi akiwa na jasho shingoni na kushuka akiwa anautazama mlima mweupe. Mwaka uliofuata Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, waliupima Kilimanjaro kwa kamera, na kwa kazi yao tunajua kwamba barafu ya mlima ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba kama 12 hivi. Kufikia mwaka 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro, pamoja na ile ya Mlima Kenya na Ruwenzori, itakuwa imekwisha ifikapo 2050. Mlima ambao wageni hupanda ili wafunge ndoa kileleni unavuliwa shela lake polepole, nasi tunatazama.

Lakini milima haikutosha kuifanya theluji iwe ya maharusi. Kwa hilo zilihitajika kamera na nguo nyeupe, na vitu hivyo viwili vilitokea duniani karibu kwa mpigo. Tarehe 19 Agosti 1839 siri ya Louis Daguerre ya kunasa sura kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha ilitangazwa hadharani mjini Paris. Hata miezi sita haikupita, na tarehe 10 Februari 1840, katikati ya kipindi cha baridi, Malkia Victoria wa Uingereza akaolewa na Prince Albert akiwa amevaa nguo nyeupe. Kabla yake maharusi wa Ulaya walivaa rangi yoyote iliyokuwa nzuri na iliyowezekana. Harusi yenyewe haikupigwa picha. Michoro yake ndiyo iliyosambaa, na picha ambazo Roger Fenton aliwapiga wawili hao mwaka 1854, miaka 14 baadaye, mpaka leo watu huzidhania kuwa za siku ya ndoa.

Weupe huo uliwafaa sana wapiga picha. Mabamba na filamu za zamani zilikuwa na upofu wa rangi: ziliiona buluu vizuri mno, nyekundu hazikuiona kabisa. Chochote chekundu kilitoka cheusi. Sasa fikiria bibi harusi wa pwani wa miaka ile, wa Pangani, Tanga au Mombasa. Amefunikwa kanga ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, kanga yenyewe ya harusi. Mikono na miguu ina hina. Somo yake amemsinga kwa liwa na manukato siku nyingi, ametawishwa ndani asiguswe na jua, na uzuri wote ule umewekwa katika rangi, harufu na wororo wa ngozi. Kamera ingechukua nini? Nyekundu ya kisutu ingekuwa sawa na weusi wake, michoro ya hina ingegeuka kivuli, asumini na udi visingekuwapo. Kamera ya karne ya 19 ilikuwa chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye nguo nyeupe. Sisemi kwamba kulikuwa na hila. Nasema kwamba kemia ilichagua upande, na ladha ya watu ikaifuata kemia. Kadiri picha ilivyokuwa sehemu ya lazima ya harusi, ndivyo shela jeupe lilivyozidi kusogea mbele na kisutu kurudi chumbani.

Kamera zilifika kwetu mapema. Nahodha Mfaransa Charles Guillain alikuja na vyombo vya Daguerre kwenye safari yake ya pwani ya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1846 na 1848. Baadaye Wagoa walifungua studio Unguja, A. C. Gomes akiwa mashuhuri kati yao. Ila hadithi ya picha ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote katika jambo hili haikutokea Unguja. Ilitokea Hamburg.

Sayyida Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar na Oman. Mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi, mwanamke aliyetolewa utotoni katika nchi za milima ya Kaukazi, ambako theluji hushuka kila mwaka. Kwa hiyo katika nyumba ile ya pwani yenye mabwawa na tausi alikuwamo mtu aliyeijua baridi nyeupe, na binti akakua akiwa na damu ya pande zote mbili. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, Salme alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kuozwa siku hiyohiyo, kisha wakasafiri kwenda Hamburg. Hapakuwa na kesha wala ngoma, hapakuwa na somo wa kumshika mkono. Na Aden mwezi wa Mei ni tanuri.

Kisha ikaja baridi yake ya kwanza. Katika maandishi yake Salme anaeleza jinsi nchi ile ilivyomwelemea, giza la mchana, miti mitupu, nguo nzito zilizombana asizozizoea. Mjini Hamburg aliingia studio akapigwa picha, na picha hiyo ndiyo inayojulikana sana kati ya picha zake zote. Haimwonyeshi akiwa Bi Ruete wa Hamburg. Amevaa mavazi ya binti wa kifalme wa Unguja, kanzu yenye nakshi na suruali, mapambo shingoni, macho yakiitazama kamera moja kwa moja. Alipokuwa kwenye baridi alitaka kuonekana akiwa nyumbani penye joto. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, naye akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ile. Alifariki mwaka 1924, na husimuliwa kwamba alizikwa pamoja na mchanga wa Zanzibar aliokuwa ameuhifadhi miaka yote hiyo.

Kila ninapoitazama picha ile huiweka sambamba na picha za studio za kwetu za miaka 100 iliyofuata. Yeye kwenye baridi alijivika joto. Sisi kwenye joto tukajivika baridi. Picha ya studio, popote ilipopigwa, imekuwa mahali pa kusimama mbele ya pale usipokuwa.

Hata wenye theluji mlangoni walifanya hivyo. William Notman, mzaliwa wa Uskoti, alihamia Montreal nchini Kanada mwaka 1856 akawa mpiga picha mkuu wa mji ule. Kanada haikosi theluji. Lakini miaka ile bamba la kioo lilipakwa dawa, likapigwa picha na kusafishwa kabla dawa haijakauka, yote ndani ya dakika chache. Nje, kwenye baridi kali, kazi hiyo ilikuwa mateso. Kwa hiyo Notman aliiingiza theluji ndani ya studio. Alimwaga chumvi sakafuni. Alitandika ngozi za kondoo zenye manyoya meupe ziwe marundo ya theluji. Kwa barafu ya kutelezea aliweka bati la zinki lililosuguliwa. Theluji inayoanguka aliipata kwa kunyunyiza rangi nyeupe kwenye negativi. Wateja walisimama ndani, karibu na jiko, wamevaa makoti ya manyoya wakijifanya wanatetemeka, na picha zao zikasafiri duniani zikiwa ushahidi wa uzuri wa kipindi cha baridi cha Kanada.

Chumvi! Habari hii ilinifurahisha kuliko kitu chochote nilichosoma juu ya somo hili. Pwani yetu huanika maji ya bahari yakawa chumvi, marundo meupe kando ya mikoko, na watoto hupita wakiyarukia. Malighafi ya theluji ya Notman ilikuwa ikilala huku kwetu bila mtu kuidhania kuwa ni kitu cha mahaba. Na ile shida ya dawa kukauka ilikuwa shida yetu pia, ila kwa kinyume chake: kwenye joto la Unguja dawa ilikimbia kukauka, Montreal iliganda. Wapiga picha wa pande hizo mbili walipambana na saa ileile kwa sababu tofauti.

Karne ya 20 ndiyo iliyoleta pazia mpaka mitaani. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, na familia yake ikaendelea nayo baada yake. Mombasa kulikuwa na studio ya N. V. Parekh, ambako vijana wa miaka ya 1950 na 1960 walikwenda wamejipamba kama nyota wa sinema. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, fundi wa kuunganisha picha, aliyeweza kumweka mtu popote alipotaka kuwa. Miaka ya 1990, kwenye feri ya Likoni, wapiga picha walijenga vibanda vya mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, na abiria waliokuwa wakisubiri kuvuka walisimama hapo wakapigwa picha za kuwapelekea jamaa bara. Pazia halikudanganya mtu. Aliyetazama alijua fika kwamba mpigwaji hajapanda ndege ile. Alichosoma ni heshima: huyu ni mtu wa kusafiri.

Mjini Tanga, nilipokuwa mdogo, studio tuliyokwenda siku za Idi ilikuwa na karatasi kubwa ya ukutani yenye ziwa, misonobari na mlima uliofunikwa na theluji. Karatasi kama hizo zilikuwa zimeenea Afrika Mashariki nzima wakati ule, studio na sebuleni. Baba na mama walipigwa picha ya harusi mbele ya moja. Mama amevaa shela la kuazima, baba kanzu na koti, chini sakafu ya saruji yenye ufa unaoonekana, na mlima wa Uswisi umetoka moja kwa moja kwenye bega la baba. Picha ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na theluji ya mlimani na shela la mama vimekuwa kitu kimoja, huwezi kujua nguo inaishia wapi. Ukungu wa pwani umeshaila pembe ya chini. Kwetu ni miongoni mwa vitu vya thamani kuliko vyote.

Lakini nani alitufundisha kwamba mlima ule ni mahaba? Jibu langu ni sinema za Kihindi. Pwani hii ilizipenda kuliko za Hollywood. Tanga, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam watu waliimba nyimbo za Kihindi bila kujua maana ya kila neno, na katika miji ya pwani palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, walikokwenda na mabuibui yao na karanga zao. Mwaka 1961 ilitoka Junglee, ambamo Shammi Kapoor anateleza kwenye theluji ya milima ya kaskazini mwa India akipiga kelele za furaha, mtu aliyekuwa amefungwa moyo amefunguliwa na mapenzi. Baada ya hapo theluji ikawa mahali ambapo wapendanao huruhusiwa. Mjini, penye wazee, hawagusani. Mlimani, penye weupe na upweke, hukimbizana. Mwongozaji Yash Chopra akaipeleka kanuni hiyo Uswisi. Katika Chandni ya mwaka 1989 Sridevi anacheza Uswisi amevaa sari laini ya shifoni, nguo isiyoweza kumkinga hata na upepo wa asubuhi wa Pangani, na mtazamaji hajali, kwa kuwa katika sinema hizo baridi haimo. Wauswisi walishukuru: mwaka 2016 sanamu ya Chopra ilisimamishwa mjini Interlaken.

Nadhani mwanamke wa pwani aliielewa kanuni hiyo haraka. Maisha yake yamejaa macho: ya mawifi, ya majirani, ya wenye msemo. Theluji ya sinema ilikuwa mahali pasipo na jirani. Kusimama mbele ya mlima ule na mume wako mpya, japo kwa dakika moja, japo karatasi tu, kulikuwa ni kukaa peke yenu siku ambayo watu mia tatu wamekuzunguka.

Macho hayo yalikuwa na uzito wake katika upigaji picha wenyewe. Nyumba nyingi za Kiislamu za pwani hazikutaka picha ya bibi harusi itembee. Wakati wa filamu tatizo lilikuwa kubwa, maana filamu lazima ipite chumba cha giza, na chumba cha giza kilikuwa cha wanaume. Kwa sababu hiyo picha nyingi nzuri hazikupigwa kamwe. Kamera za kidijitali ziliufungua mlango huo: wanawake wakawa wapiga picha wa wanawake wenzao, kazi inaanzia na kuishia mikononi mwao, na kwenye karamu za wanawake Mombasa simu zikaanza kukusanywa mlangoni. Hao ndio wapiga picha ninaotamani historia iwaandike kwa urefu.

Filamu ya rangi ilipokuja ilitarajiwa irudishe haki ya kisutu, na kwa nyekundu iliirudisha. Kwa nyuso ilichelewa. Kwa miongo kadhaa maabara zilipanga rangi zake kwa kadi ya kipimo yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi nyeusi ikatoka kama kivuli kisicho na maungo. Kosa hilo bado linaishi kwenye kamera ya leo kwa namna nyingine, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila mwaka naona picha za harusi zikiharibika bure. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu. Kikikutana na theluji tele hushtuka, hubana mwanga, theluji ikatoka kijivu na uso wa bibi harusi ukazama gizani. Mpiga picha wa nchi za baridi hujifunza mapema kuongeza mwanga kwa hatua moja hadi mbili. Mchanga mweupe wa Kigombe saa sita mchana hufanya hivyohivyo, na wengi wetu hatukufundishwa. Pima mwanga kwenye shavu la bibi harusi, si kwenye shela lake. Mchanga ukizidi kung'aa, uache ung'ae.

Na kuna ndugu yake kosa hili. Mpiga picha wa Stockholm akitoka nje kwenye baridi na kuingia ukumbini penye joto, lenzi yake hufunikwa na umande papo hapo. Wa Tanga akitoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kushuka ufukweni, lenzi yake hufunikwa vilevile. Dawa ni moja: fungia kamera mfukoni mpaka izoee hewa. Betri tu ndizo zinazotofautisha, maana kwenye baridi hufa mapema, na mafundi wa huko huziweka kwapani.

Sisi tuna kipindi chetu cha baridi, nacho kina jina zuri kuliko majina yote ya majira: kipupwe. Mwezi wa sita hadi wa nane joto la usiku Tanga hushuka kwenye nyuzi 20 hivi, wazee hujifunika mashuka kwenye baraza, na mwanga wa asubuhi huwa laini, umechujwa. Ni mwanga wa harusi. Wavuvi hawakipendi kipindi hicho kwa kuwa kusi huchafua bahari na kupunguza safari, na harusi ya Kigombe husubiri pesa za samaki, kwa hiyo nyingi huangukia kaskazi, au hufuata mwezi mwandamo: Shaabani kabla ya kufunga, au Mfunguo Mosi baada ya Idi. Kalenda ya mwezi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo kuna miaka ambapo Mfunguo Mosi hukutana na kipupwe. Wapiga picha wangejua kuhesabu, wangeingoja miaka hiyo.

Waliohama wamekutana na theluji yenyewe. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 Waswahili wengi wa Unguja waliishia Oman na Dubai, na wajukuu wao leo wanaweza kupigwa picha kwenye theluji ya Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka huku nje jangwa likichemka. Notman angeipenda. Wengine wako London, Toronto, Minneapolis, Stockholm. Huko harusi za Desemba na Januari zina sababu nyepesi: kumbi ni rahisi, likizo ipo, jamaa wanaweza kuja. Juu kaskazini mwa Sweden, Jukkasjärvi, ipo hata hoteli inayojengwa upya kila mwaka kwa barafu ya mtoni, na watu hufunga ndoa ndani yake. Kwa maharusi hao theluji haitoki kwenye karatasi ya ukutani. Ni ile wanayoisukuma kwa koleo kabla ya kwenda kazini. Na bado, siku ya harusi, huipigia picha kwa sababu ileile ya baba na mama yangu, ili mtu wa nyumbani akitazama aone wamefika mbali na wamefika salama.

Shangazi aliniambia maandalizi ya harusi ile ya binti yake yalivyokuwa. Mpakaji hina alitoka mji wa pili kwa treni. Hina hupenda joto. Ikipakwa kwenye baridi hubaki na rangi ya chungwa, haishuki kwenye wekundu wa damu ya mzee ambao sisi tunauita kukolea. Usiku kucha wenzake walimfunga bibi harusi mikono kwa vitambaa vya sufu, wakamkalisha karibu na kipasha joto cha ukutani, wakimwimbia kwa zamu asilale na kuiharibu. Shangazi alikuwa nao kwa simu, Kigombe, mpaka chaji ikamwishia.

Nilimwuliza anaionaje picha. Nilikuwa nimeishika mimi, naitazama ile misonobari. Akaichukua simu, akaivuta picha kwa vidole viwili, na misonobari ikatoka pembeni ya kioo, ikafuata theluji, likafuata koti, ikabaki mikono tu. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Imekolea," akasema.